Tumbo linalouma kila Jumatatu: Sifa na lawama zinavyomgusa mwanao



Kila mitihani ya shule inapokaribia, kliniki ya watoto hupata wagonjwa wa aina moja. Anakuja mtoto wa miaka 9, 10 au 11, ameshikwa mkono na mama au bibi. Tumbo linamuuma kuzunguka kitovu. Linaanza asubuhi akivaa sare, linapungua kuelekea mchana, na Jumamosi halipo kabisa. Wengine huja na maumivu ya kichwa, wengine kichefuchefu, wengine wameanza tena kukojoa kitandani wakati walishaacha siku nyingi.

Mmoja wao sijamsahau. Alikuwa binti wa miaka 11, darasa la 6. Katika miezi 4 alikuwa ametibiwa taifodi mara 2, UTI mara 1, na dawa za minyoo alikuwa amekunywa hadi mama yake akaacha kuhesabu. Uzito wake ulikuwa mzuri na urefu unaenda na umri. Mkojo, choo, damu na picha ya tumbo, vyote vilikuwa safi.

Nikamuuliza mama kuhusu shule.

"Dokta, kwa shule huyu hana tatizo kabisa," akanijibu. "Ni wa kwanza tangu darasa la 1. Na mimi si mzazi wa kupiga wala kufoka. Namsifia kila siku. Hata majirani wanamwita Profesa."

Nilimwomba mama akae nje kidogo, nikabaki na binti pamoja na muuguzi. Baada ya kimya kirefu akasema kwamba kwenye jaribio la Hisabati alikuwa amepata 58. Karatasi aliificha chini ya godoro, na mama hajui. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Nikiwa wa pili, si watajua kuwa mimi siyo Profesa?"

Wengi wetu tunaamini kwamba kinachoumiza watoto ni fimbo na matusi, na dawa yake ni kuwasifia. Fimbo na matusi vinaumiza kweli, nitavifikia. Lakini mtoto yule hakuwa amefokewa na mtu. Alikuwa anaumwa kwa kubebeshwa sifa. Ndiyo maana wiki hii nataka tuzungumze kuhusu maneno tunayowaambia wanafunzi wetu wanapofaulu na wanaposhindwa.

Maumivu ni ya kweli

Kwanza tuondoe kosa moja. Mtoto wa namna hii hadanganyi. Tumbo lina mtandao mkubwa wa mishipa ya fahamu, na mtandao huo unawasiliana na ubongo muda wote. Mtoto akiwa na hofu, mwili hutoa homoni za tahadhari, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, na mwendo wa utumbo unabadilika. Utumbo wa baadhi ya watoto ni mwepesi kuhisi mabadiliko hayo, na wao huyapata kama maumivu. Wewe mwenyewe unajua jinsi tumbo linavyokuvuruga ukiwa unasubiri matokeo ya kipimo au usaili wa kazi. Kwa hiyo usimwambie mtoto "huumwi, unajifanya." Anaumwa. Tunachotafuta ni chanzo.

Lakini pia usikimbilie kusema "ni shule tu." Mlete hospitali haraka ukiona mojawapo ya dalili hizi: anapungua uzito au haongezeki, anatapika mara kwa mara, hasa matapishi ya kijani au yenye damu, choo kina damu au ni cheusi kama lami, ana homa, anaharisha mfululizo, macho yamekuwa ya manjano, anaumia akikojoa, maumivu yanamwamsha usingizini, au yako mbali na kitovu, hasa chini upande wa kulia. Hizo si dalili za hofu ya mtihani.

Na hata vipimo vikiwa safi, hofu ya shule ina sababu nyingi. Huenda anaonewa na wenzake, anaogopa njia anayopita, vyoo vya shule havifai, au kuna mtu mzima anayemsumbua. Muulize kwa upole, mkiwa wawili, na uwe tayari kusikia jibu usilolitarajia.

Tukishayaangalia hayo yote, ndipo tunabaki na maneno.

Mgema akisifiwa

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wengi hutumia methali hii kuonyesha kwamba sifa huleta kiburi. Mimi naisoma kwa namna nyingine kidogo. Aliyesifiwa pale ni mgema mwenyewe. Hakuna aliyemwambia ni nini kilichofanya tembo lake liwe tamu. Akishajua kuwa yeye ndiye mgema bora, kinachobaki kulinda ni jina, na jina unaweza kulilinda hata kwa maji.

Mwaka 1998, watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa darasa la 5. Watoto walipewa mafumbo ya michoro ambayo waliyaweza. Baadaye kundi moja liliambiwa kwamba bila shaka wana akili. Kundi jingine liliambiwa kwamba bila shaka walijitahidi sana. Tofauti ilikuwa sentensi moja tu.

Kisha watoto wakapewa mafumbo magumu, na wote wakafanya vibaya. Mwisho wakarudishiwa mafumbo ya kiwango kilekile cha mwanzo. Waliosifiwa kwa juhudi walifanya vizuri kuliko mara ya kwanza. Waliosifiwa kwa akili walifanya vibaya kuliko mara ya kwanza. Wengi wa hawa wa akili pia walipenda kuchagua kazi ambazo zingewahakikishia kufaulu.

Halafu kukawa na jambo ambalo lilinikumbusha karatasi iliyo chini ya godoro. Watoto wale waliombwa waandike alama zao kwa ajili ya watoto wa shule nyingine ambao hawajuani nao. Kati ya waliosifiwa kwa akili, karibu asilimia 40 waliongeza alama. Walidanganya mbele ya watu ambao hawatakutana nao kamwe.

Fikiria mzigo huo. Mtoto anayeambiwa "una akili" anapofaulu, anapofeli atajiambia nini? Atajiambia hana. Na akili, kwa jinsi anavyoielewa, ni kitu ambacho ama unacho au huna. Hakuna cha kufanya isipokuwa kuficha. Mtoto anayeambiwa "ulirudia maswali yale mpaka ukayaelewa" akifeli, anajua pa kuanzia.

Kuna mtego mwingine, wa sifa zilizopitiliza. Mwaka 2014, Eddie Brummelman na wenzake walichapisha utafiti wa Uholanzi ambamo watoto walichora kwa kuiga mchoro wa Van Gogh, kisha wakapata ujumbe ulioelezwa kuwa umetoka kwa mchoraji mtaalamu. Baadhi waliambiwa wamechora mchoro mzuri, baadhi mchoro mzuri ajabu. Watoto ambao tangu mwanzo hawakujiamini ndio walioumizwa na "ajabu". Baada ya hapo waliogopa kuchagua michoro migumu. Na utafiti huo ulionyesha pia kwamba watoto hao wasiojiamini ndio ambao watu wazima hupenda kuwamwagia sifa kubwa kubwa. Tunataka kuwainua, na tunawawekea paa la juu mno ambalo wanajua hawatalifikia tena.

Je, tuache kusifia?

Hapana. Kukaa kimya ni kubaya zaidi.

Mwaka 1925, mtafiti wa Marekani Elizabeth Hurlock aliwagawa wanafunzi katika makundi na kuwapa majaribio ya kujumlisha kwa siku kadhaa. Kundi la kwanza lilisifiwa mbele ya darasa. La pili lilikaripiwa. La tatu lilikuwa katika chumba kilekile, likisikia wenzao wakisifiwa na kukaripiwa, lakini lenyewe halikuambiwa kitu. Mwanzoni waliosifiwa na waliokaripiwa wote walipanda. Siku zilivyokwenda, waliosifiwa waliendelea kupanda na waliokaripiwa wakaanza kushuka. Waliopuuzwa walisonga kidogo sana, chini hata ya waliokaripiwa.

Mzazi ambaye huulizi kitu, huangalii daftari, na husemi chochote kwa sababu umechoka na kazi, jua kwamba mwanao anausoma ukimya huo. Nasema hivi nikijua mzazi anarudi saa 2 usiku akiwa ameshuka daladala la pili. Dakika 5 zinatosha, ukizitumia kwenye daftari lenyewe.

"Mbona nikimfokea anabadilika?"

Swali hili naulizwa na akina baba karibu kila wiki, na ni swali la haki. Wanasema: "Dokta, nimemsifia kwa alama 90, mtihani uliofuata akashuka. Nikamfokea kwa 45, akapanda. Ukicheka na nyani utavuna mabua."

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, aliwahi kukutana na hoja hiyohiyo alipokuwa akifundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi nchini Israel. Aliwaeleza kwamba sifa hufundisha vizuri kuliko adhabu. Mkufunzi mmoja akapinga: rubani akisifiwa kwa kuruka vizuri, mara inayofuata anaharibu, akikaripiwa kwa kuharibu, mara inayofuata anafanya vizuri.

Mkufunzi alichokiona kilikuwa kweli. Alikosea sababu. Kila mtu ana kiwango chake cha kawaida, na siku moja moja hupanda au kushuka kwa bahati, uchovu, au maswali yaliyotoka. Mtoto ambaye kawaida yake ni 68 akipata 90, uwezekano mkubwa ni kwamba mtihani unaofuata atarudi karibu na 68. Akipata 45, atarudi vilevile karibu na 68. Wewe ulimsifia alipokuwa juu na kumfokea alipokuwa chini, kwa hiyo macho yako yakakuambia kwamba sifa zimemshusha na ukali umempandisha. Angerudi pale hata kama ungekaa kimya.

Sisi madaktari tunalijua jambo hili kwa mafua. Mtu huja kuomba dawa siku anapozidiwa kabisa. Kesho yake anaanza kupata nafuu, kama ambavyo angepata bila dawa, na sifa zote zinakwenda kwa kidonge.

Ndiyo maana ni vigumu sana kumshawishi mzazi mkali au mwalimu mkali. Uzoefu wake mwenyewe humdanganya kila siku.

Kosa langu wodini

Sisemi haya kama mtu aliyeyashinda. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia madaktari vijana waliokuwa kwenye mwaka wao wa mafunzo kazini. Asubuhi moja, tukiwa kwenye raundi katika wodi ya watoto, kijana mmoja alikosea hesabu ya dozi. Kosa lilionekana kabla dawa haijachomwa. Nilimsema palepale, mbele ya wauguzi, wenzake, na akina mama waliopakata watoto wao. Nilimuuliza: "Hivi wewe chuo ulienda kufanya nini?"

Nilijiona nimetimiza wajibu. Na mimi nilifundishwa hivyo. Enzi zetu, mwanafunzi aliyetoka raundi bila kulia alihesabiwa kuwa na bahati.

Wiki 3 baadaye, usiku, mtoto mchanga wa siku 10 alichomwa jentamaisini mara 2 badala ya mara 1, kwa sababu dozi ya kwanza haikuandikwa kwenye karatasi yake. Dawa hiyo ikizidi inaweza kudhuru figo na masikio. Kijana yule aligundua kosa saa 8 usiku. Hakumwambia muuguzi. Hakunipigia simu. Mimi niligundua saa 2 asubuhi nilipoona vichupa vitupu havilingani na maandishi.

Tulisimamisha dozi iliyofuata, tukafuatilia mkojo na figo za mtoto kwa siku kadhaa. Alipona na akaenda nyumbani. Lakini zile saa 6 zilikuwa zimepotea, na sikuweza kujifariji kwamba hazikuwa na maana. Nilimwita kijana ofisini nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Dokta, kusema kweli, niliogopa utaniuliza tena nilienda chuo kufanya nini."

Nilitaka kumkasirikia, nikakuta maneno ni yangu. Nilimwomba radhi mbele ya wauguzi walewale, na nikamweleza wazi pia kwamba kuficha lilikuwa kosa kubwa kuliko dozi yenyewe. Yote mawili yalikuwa kweli.

Sasa weka watu wawili pamoja: binti aliyesifiwa akaficha karatasi, na daktari kijana aliyeaibishwa akaficha dozi. Mmoja aliambiwa yeye ni Profesa, mwingine aliambiwa hakujifunza kitu chuoni. Maneno ni kinyume, tabia iliyotokea ni moja. Kwa sababu yote mawili yalihukumu mtu, na hakuna hata moja lililozungumzia kazi. Mwanafunzi anayehukumiwa yeye mwenyewe haachi kukosea. Anajifunza kuficha makosa. Na kosa lililofichwa halifundishiki, kama ambavyo ugonjwa uliofichwa hautibiki.

Kukosoa kunakosaidia

Wapo wanaodhani, baada ya kusikia haya, kwamba mtoto asikosolewe. Hapana. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwanafunzi ambaye hakuna anayemwonyesha kosa lake ataingia nalo kwenye mtihani wa darasa la 7, na pengine baadaye kwenye wodi. Suala ni namna.

Mwaka 1996, watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu kuwaambia watu jinsi walivyofanya kazi. Kwa wastani ilisaidia. Lakini zaidi ya theluthi moja ya mara zote, kuambiwa kuliwashusha watu badala ya kuwapandisha. Walieleza kwamba maoni hupoteza nguvu kadiri yanavyohamisha mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi kwenda kwenye nafsi yake. Mtu anaacha kufikiria hesabu, anaanza kujifikiria yeye ni mtu wa namna gani.

Chukua ripoti ya shule ya mwanao. Kwenye nafasi ya maoni mara nyingi utakuta: "Aongeze bidii." Hebu fikiria umekuja kwangu unaumwa, nami nikakuandikia kwenye cheti: "Apone haraka." Ungenirudishia cheti changu. Bidii wapi? Kwenye kugawanya kwa tarakimu mbili? Kwenye kusoma swali mpaka mwisho? Mtoto hawezi kutekeleza agizo ambalo halina hatua.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2014, wa David Yeager, Geoffrey Cohen na wenzao. Walimu walisahihisha insha za wanafunzi kama kawaida, kwa ukosoaji wa kutosha. Kisha baadhi ya insha zikabandikwa kikaratasi kilichosema, kwa maana yake, kwamba mwalimu ametoa maoni hayo kwa sababu ana matarajio makubwa na anajua mwanafunzi anaweza kuyafikia. Waliopata kikaratasi hicho walirudia kuandika insha zao kwa wingi zaidi, hasa wanafunzi weusi, ambao wana sababu nyingi za kutowaamini walimu wao. Makosa hayakufutwa wala kupunguzwa. Mwanafunzi alijua tu kwamba anayemkosoa yuko upande wake.

Ufanye nini nyumbani?

Nitakupa yale ninayowapa wazazi kliniki.

Taja kitu, usitaje cheo. Badala ya "wewe ni jiniasi," sema "nimeona hapa umeonyesha njia yote, hata mimi nimeelewa." Badala ya "wewe mzembe," sema "maswali 3 ya mwisho hujayagusa, nini kilitokea?"

Sema kweli. Mtoto anajua kazi yake mbovu. Ukimwambia ni nzuri sana, atajifunza kwamba neno lako halina thamani.

Usimlinganishe na ndugu yake au mtoto wa jirani. Mlinganishe na daftari lake la mwezi uliopita. Unaposema "mwenzako mbona anaweza," humwonyeshi njia, unamwonyesha adui.

Kosoa faraghani. Kama kuna wageni, shangazi au wadogo zake, subiri. Aibu haisahauliki upesi, lakini somo lililokuwa ndani yake husahaulika.

Kosoa kosa moja kwa wakati, kisha mpe nafasi ya kulirekebisha siku hiyohiyo. Kalamu nyekundu 20 kwenye ukurasa mmoja ni kelele. Chagua kosa linalojirudia, mwonyeshe, afanye tena maswali 2 mbele yako, kisha mfunge daftari.

Tumia neno "bado". "Hujaelewa bado" ina mlango. "Huelewi" imefungwa.

Jipe saa 1 kabla ya kuzungumzia ripoti mbaya. Kula kwanza. Hakuna uzazi mwema unaofanyika kwa hasira.

Na usitarajie miujiza. Tafiti za karibuni zimeonyesha kwamba kubadili maneno peke yake huongeza alama kidogo tu. Mtoto bado anahitaji kula kabla ya shule, kulala vya kutosha, macho yake kupimwa kama anakodolea ubao, na mtu wa kumweleza somo. Maneno mazuri hayawezi kuziba pengo la miwani.

Kwa walimu wetu

Najua mwalimu mwenye wanafunzi 100 na zaidi darasani hawezi kumwandikia kila mmoja barua. Lakini daftari 5 kwa siku, kila moja na sentensi moja inayotaja kosa na hatua, ni daftari 25 kwa wiki. Ndani ya mwezi mmoja umewafikia kama wanafunzi 100.

Kuhusu fimbo, kanuni za nchi yetu bado zinaruhusu viboko, lakini kwa mipaka: visizidi 4, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini naye, na viandikwe. Kumchapa mtoto kwa sababu amekosa hesabu, papo hapo, na mwalimu yeyote mwenye kiboko mkononi, hakumo. Mimi nawaona baadaye wakiwa na mikono iliyovimba ambayo haiwezi kushika kalamu iliyokuwa inadaiwa. Utafiti uliofanyika katika shule za sekondari za serikali hapa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba walimu waliopata mafunzo ya siku chache ya kuwasiliana na wanafunzi bila ukali walipunguza adhabu za kuumiza. Walimu hawa ni kama wewe, wana madarasa kama yako.

Binti yule

Nilimwita mama ndani. Kwa ruhusa ya binti, tulimweleza kuhusu karatasi. Mama alinyamaza, kisha akaanza kulia. "Mimi nilidhani namjenga," akasema. Nilimwambia alikuwa anamjenga kweli, ila alikuwa anaanzia juu ya paa. Hatukuandika dawa yoyote siku ile. Tulikubaliana mambo 3: jina la Profesa lipumzike, karatasi zote ziletwe mezani bila kujali alama, na swali la kwanza la mama lisiwe "umekuwa wa ngapi?" bali "swali gani lilikusumbua?"

Walirudi baada ya miezi 2. Tumbo lilikuwa linauma mara moja moja, na wiki ya mitihani lilimrudia kwa siku 2. Alikuwa ameshika nafasi ya 4. Mama alikiri kwamba alipoisikia ile 4 moyo ulimshtuka, akajizuia. Binti akafungua begi, akatoa karatasi ya Hisabati iliyokunjwa, akaiweka mezani kwangu bila kuombwa. Alitaka kunionyesha swali la 17, la sehemu, ambalo alikosa na sasa analiweza.

Mpendwa msomaji, leo jioni mwanao akirudi, mwombe daftari moja. Tafuta kitu kimoja alichokifanya vizuri na ukitaje kwa jina lake. Tafuta kosa moja na mkae nalo mpaka alirekebishe. Kama tumbo linaendelea kumuuma zaidi ya wiki 2, au una shaka yoyote na zile dalili nilizozitaja, mlete tumwone.

Wiki ijayo tutazungumzia mtoto mkubwa anayekojoa kitandani, na kwa nini kumwanikia godoro mbele ya majirani hakumsaidii.